Alan Turing: Mvunja siri wa Vita Kuu na somo kwa watu wa TEHAMA Singida

Kabla intaneti haijakuwepo, kuna jamaa alikuwa anaingia kwenye mawasiliano ya adui bila adui kujua. Jina lake Alan Turing.

Alizaliwa London Juni 23, 1912. Hesabu alizipenda tangu utoto. Alisoma Cambridge, na mwaka 1936 akaandika kuhusu mashine moja inayoweza kufanya hesabu za kila aina ikipewa maelekezo. Wazo hilo ni msingi wa kompyuta za leo.

Septemba 4, 1939, siku moja baada ya Uingereza kuingia vitani, aliripoti Bletchley Park, kituo cha siri cha kuvunja kodi. Wajerumani walikuwa wanatumia Enigma, mashine ya kuficha ujumbe ambayo mipangilio yake ilibadilishwa kila siku. Waliamini haivunjiki.

Wapolandi walikuwa wametangulia kuivunja. Turing akaendeleza kazi yao, akabuni mashine ya Bombe iliyojaribu mipangilio kwa kasi. Lakini Bombe peke yake isingetosha. Mlango ulifunguliwa na uzembe wa maopereta: wengine walichagua herufi rahisi za majina ya wapenzi wao, wengine walituma taarifa za hali ya hewa kwa maneno yaleyale. Bletchley walikisia neno, kisha mashine ikatafuta mpangilio unaolingana nalo.

Hata jirani hapa ilitokea. Mwaka 1942 wavunja kodi wa Uingereza walihamia Kilindini, Mombasa, kwenye jengo la shule ya Allidina Visram. Opereta wa Kijapani alituma ujumbe uleule mara mbili, mara ya pili akaongeza kitu alichosahau. Kosa hilo likasaidia kuvunja kodi ya meli za biashara za Japani.

Turing mwenyewe alikuwa makini, hata kikombe chake cha chai alikifunga kwa mnyororo ofisini. Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Mwaka 1952 alikwenda polisi kuripoti wizi nyumbani kwake. Mahojiano yakafichua uhusiano wake na mwanaume, kosa la jinai Uingereza wakati huo. Alihukumiwa, akaondolewa kwenye kazi za siri. Alifariki Juni 7, 1954, akiwa na miaka 41. Msamaha wa Malkia ulikuja mwaka 2013.

Kwa afisa TEHAMA wa halmashauri, awe Manyoni, Iramba au Mkalama, somo liko wazi. Mfumo unaweza kuwa imara, lakini nywila ya jina la mtoto ikaubomoa. Usitumie nywila moja kwenye mifumo miwili. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Sasisha programu mapema. Mtumishi akihama, funga akaunti yake siku hiyohiyo.

Na wafundishe wenzako ofisini: anayetumiwa ujumbe wa kutuma hela kwenye namba nyingine, au anayeombwa nywila kwa simu, akate kwanza, kisha apige mwenyewe kwa namba anayoijua.