Hakimu aliyesoma maji ya mto

Mwalimu wa fasihi akiwauliza wanafunzi wake wawataje waandishi wa Kanada, ni nadra sana kusikia jina la Roderick Haig-Brown. Sababu si ngumu kuielewa. Sehemu kubwa ya vitabu vyake yahusu uvuvi wa ndoana, na uvuvi huo wengi wetu huuhesabu kuwa ama njia ya kupata kitoweo au pumbao la matajiri. Nayaeleza leo maisha ya bwana huyu kwa sababu moja tu: aliusoma mto mmoja kwa muda wa miaka 40 kama mwanachuoni asomavyo kitabu, na binadamu walipoanza kuubadilisha mto huo, yeye alikuwa na maarifa ya kusema ni nini hasa kilichokuwa kikipotea.

Alizaliwa tarehe 21 Februari 1908 huko Lancing, katika wilaya ya Sussex, Uingereza. Babake alikuwa mwalimu na mwanajeshi. Aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1918, mwanawe akiwa na umri wa miaka 10. Babu yake aliwahi kuwa mwalimu mkuu wa shule mashuhuri ya Charterhouse. Kijana naye akapelekwa huko huko, na huko huko akafukuzwa. Walimu wanaosoma ukurasa huu wataielewa fedheha iliyoipata familia hiyo bila ya kuelezwa zaidi.

Mwaka 1926 alivuka bahari akafika Seattle, Marekani, akaajiriwa katika kambi ya wakata miti. Baadaye alihamia upande wa Kanada, kaskazini mwa kisiwa cha Vancouver, akafanya kazi ya kukata miti, kutega wanyama, kuvua, na kuwaongoza wageni waliokuja kuvua katika mto Nimpkish. Lazima tuseme wazi kwamba mtetezi huyu wa mito alianza maisha yake ya utu uzima kwa kuangusha misitu ile ile iliyoihifadhi mito hiyo. Alirejea London kwa muda, akachapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu maisha ya samoni mwaka 1931, kisha akarudi Kanada asihame tena. Mwaka 1934 alimwoa Ann Elmore wa Seattle, mwanamke msomi aliyekuja kuwa mkutubi wa shule. Wakafanya maskani yao ukingoni mwa mto Campbell, wakalea watoto wanne.

Msimu alioupenda ni ule unaoanza Septemba, majani yanapogeuka rangi na kupukutika. Vitabu vyetu vya shule huuita msimu huo vuli, na baadhi ya walimu wa lugha hulalamika kwamba vuli ya Waswahili ni mvua, si baridi ya Wazungu. Katika pwani hiyo ya Kanada neno hili halina ubaya wowote, maana huko nako miezi ya Oktoba na Novemba ni miezi ya mvua kubwa. Kiangazi humalizika mto ukiwa mdogo na maji yake yakiwa maangavu kama kioo. Samoni waliokaa baharini miaka miwili, mitatu au minne hukusanyika mlangoni mwa mto wakingoja. Mvua ikinyesha milimani, maji hupanda na kuchafuka, na harufu ya mto waliozaliwa huwafikia. Hapo ndipo wanapoanza kupanda. Mkubwa kuliko wote, akizidi ratili 30, wenyeji humwita tyee, neno lenye maana ya chifu. Samoni hao hutaga mayai katika changarawe, na baada ya kutaga hufa wote. Mizoga yao huwalisha tai, dubu, wadudu na hata miti ya ukingoni.

Akishaingia mtoni samoni huacha kula. Kwa nini basi aukamate mdomoni uzi na manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana yakamfanana mdudu au samaki mdogo? Wengine husema ni hasira, wengine mazoea ya ujana wake, na wavuvi wangali wanabishana. Haig-Brown hakuridhika na ubishi huo wa barazani. Aliingia mtoni akayatazama maji. Maji yakiwa mengi na yenye tope, samaki hujikinga kando, nyuma ya mawe na karibu na kingo ambako mkondo umepungua nguvu. Mvuvi hutumia chambo kikubwa chenye kung'aa, akakizamisha chini kabisa. Maji yanapoanza kupungua na kusafika, samaki hurudi katikati ya mkondo, na hiyo ndiyo saa bora kuliko zote. Yakipungua zaidi na kuwa maangavu, chambo huwa kidogo, cheusi, kikielea karibu na uso wa maji, na mvuvi hunyata kama mwizi. Baridi nayo ina sheria zake: maji yakipoa mno samaki huwa mzito, hafukuzi kitu. Kwa hiyo mahali palipotoa samaki asubuhi huweza kuwa patupu jioni, ingawa mto ni ule ule na mvuvi ni yule yule. Alitunga vyambo vyake mwenyewe, na kimoja kati ya hivyo alikitengeneza kwa ajili ya trauti aina ya upinde wa mvua wanaokwenda baharini na kurudi. Jamaa za trauti hao ndio walioletwa kupandwa katika mito baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Uvuvi haukumpa riziki peke yake, wala vitabu. Mapema katika miaka ya 1940 aliteuliwa kuwa hakimu wa mji mdogo wa Campbell River, ingawa hakuwa na shahada ya sheria, akaishika kazi hiyo hadi mwaka 1974, isipokuwa alipokuwa jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mbele yake walisimama wakata miti na mabaharia waliolewa usiku, waume waliopiga wake zao, vijana walioiba. Wengi wao walikuwa majirani zake.

Mwaka 1947 bwawa la umeme la John Hart lilianza kufanya kazi katika mto wake. Watetezi wa mazingira wa siku hizi hupenda hadithi zenye mhalifu mmoja, lakini hii haiko hivyo. Bwawa lilijengwa juu ya maporomoko ya Elk, na maporomoko hayo samoni hawakuwahi kuyapanda tangu zamani, halikuwafungia njia. Madhara yalikuja kwa mlango mwingine. Mvua huuinua mto na kuushusha kwa mwendo ambao samaki wameuzoea tangu enzi na enzi. Mkono wa fundi ukifunga mlango wa bwawa, maji hushuka ghafla, mayai yaliyotagwa ukingoni hubaki juani na vifaranga hunaswa katika vidimbwi. Ukifungua kwa ghafla, changarawe husombwa pamoja na mayai yake. Na changarawe mpya haiji tena kutoka juu, kwa kuwa imezuiwa nyuma ya ukuta. Macho ya mpita njia hayaoni lolote: mto ungali unatiririka, ungali unapendeza. Aliyeuzoea kila siku ndiye aliyeona kwamba maji sasa yanapanda bila mvua na kushuka bila ukame.

Umeme huo ulihitajika. Mwaka 1952 kiwanda kikubwa cha karatasi kilifunguliwa karibu na mji, na watu wale wale waliofika mahakamani kwake wakapata ajira humo. Ilipokuja zamu ya ziwa Buttle, lililomo ndani ya hifadhi ya Strathcona iliyoanzishwa mwaka 1911, Haig-Brown alipigana kwa hotuba, barua na makala. Alikuwa hakimu anayelipwa na serikali ile ile aliyoipinga hadharani, katika mji ambao wengi waliona kwamba anataka kuwanyang'anya mkate. Alishindwa. Bwawa la Strathcona lilikamilika mwaka 1958 na maji ya ziwa yakapanda, yakafunika kingo alizozijua. Kwa maoni yangu alishindwa kwa sababu upande mmoja ulikuja na hesabu za umeme, naye akaja na thamani ambayo haikuwa na safu yake katika daftari la hesabu.

Hakunyamaza baada ya hapo. Alikuwa miongoni mwa waliopinga mpango wa kuujengea bwawa mto Fraser wenyewe, mto mkuu wa samoni katika jimbo hilo, na mkondo mkuu wa Fraser haujazibwa hadi leo. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1973 kijana aliyefukuzwa Charterhouse alikuwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Victoria. Umri ulivyozidi, ndivyo alivyopenda kuwatazama samaki kuliko kuwavua. Alivaa nguo za mpira, akajitosa katika mto baridi na kuwafuata samoni chini ya maji, akagundua kwamba mara nyingi walikuwa wamelala mahali ambapo yeye na wavuvi wenzake walikuwa wakipapita bila ya kupajali. Mengi ya hayo aliyaandika katika kitabu chake cha mwaka 1964 kuhusu msimu huo wa majani kupukutika.

Alifariki nyumbani kwake tarehe 9 Oktoba 1976, wakati samoni wanapopanda. Mwaka uliofuata hifadhi ya mto Adams, mbali huko bara, ilipewa jina lake. Kila Oktoba samoni wekundu hufika hapo, na kila mwaka wa nne hufika kwa wingi wa kustaajabisha. Mwaka 2018 hifadhi ilibadilishwa jina ikaitwa Tsútswecw, neno la wenyeji Wasecwépemc lenye maana ya mito mingi. Kando ya mto Campbell nyumba yake ingali imesimama, na kijito kinachopita katika shamba lake kilitengenezwa upya baada ya kifo chake, samoni wakarudi kutaga humo.