Alifunga Goli 10 Mechi Moja, Halafu Nchi Yake Ikamfuta

Ukibishana na mabeste zako kuhusu mastraika wakali, jina Ernest Wilimowski haliwezi toka. Si makosa yako. Kuna watu walihakikisha hulisikii.

Cheki siku moja tu: 21 Mei 1939, ligi kuu ya Poland. Ruch, timu ya huyu msee, wanacheza na Union-Touring ya Łódź. Mechi inaisha 12-1 na goli 10 ni zake peke yake. Kumi! Ligi kuu, si ile ball ya mtaa waliooa dhidi ya masingo. Rekodi hiyo bado iko palepale kwenye ligi ya Poland.

Alizaliwa 1916 Katowice, kule Silesia, na ngori yake yote ilianzia hapo. Huo mji ulikuwa wa Ujerumani. 1922 ukawa wa Poland. Yaani yeye hakuhama, mpaka ndio ulimruka. Budake alikufa kwa Vita vya Kwanza akiwa upande wa Ujerumani, na hilo jina Wilimowski ni la baba wa kambo. Keja ilikuwa Kijerumani, nje Kisilesia, hivyo tu bila kufikiria, ka vile wewe unavyochanganya lugha sa hii.

Nywele nyekundu, mguu wa kulia vidole sita, chenga za kuaibisha mabeki. Alijiunga na Ruch 1934, msimu wa kwanza akadunga 33 na wakabeba ligi. Wakabeba tena 1935, 1936 na 1938. Sherehe pia alizipenda, maze. 1936 pombe ilimfanya afungiwe, akakosa Olimpiki za Berlin.

Kombe la Dunia 1938, Strasbourg, Poland dhidi ya Brazil. Mvua, matope, muda wa ziada. Wilimowski alifunga 4, mtu wa kwanza kufanya hivyo kwa mechi moja ya Kombe la Dunia, na penalti ya goli lingine ni yeye aliisababisha. Brazil bado walishinda 6-5. Unafunga nne na unapanda ndege... sorry, treni ya kurudi nyumbani.

Turudi 1939. Tarehe 27 Agosti, Warsaw, Poland inachapa Hungary 4-2, hao Hungary waliocheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka uliotangulia. Wilimowski, tatu. Kwenye ligi ana 26 na Ruch wako juu ya jedwali. Siku tano baadaye, 1 Septemba, majeshi ya Hitler yanaingia. Ligi ikakatika hapo. Bingwa hakuna.

Sasa sikia. Silesia ikamezwa na Ujerumani, na msee akajiandikisha kama Mjerumani. 1941 akavaa jezi ya Ujerumani, ile yenye nembo ya Nazi, na akaendelea kufunga: mechi 8, goli 13. 1942 akabeba kombe na 1860 München, na kwa fainali alifunga. Mwaka huo wa 1941, Antoni Łyko wa Wisła Kraków, aliyekuwa kwenye kikosi kimoja naye cha 1938, aliuawa na Wanazi Auschwitz.

Ukiishia hapo utamwita msaliti, na sitakulaumu. Lakini mathe yake mwenyewe alitupwa Auschwitz, kwa sababu ya kupendana na Myahudi. Alitoka hai kwa msaada wa Hermann Graf, rubani maarufu wa Ujerumani aliyependa ball. Sasa niambie, ungekuwa striker unayelindwa na goli zako, na mamako yuko hapo, jezi ungeivua? Mimi nimejiuliza na jibu langu halinifurahishi.

Baada ya vita, serikali ya kikomunisti ya Poland ilimpa jina moja, msaliti, na stori yake ikazimwa miaka mingi. Akaendelea kucheza timu ndogondogo Ujerumani mpaka uzee, akafia Karlsruhe 1997 akiwa na miaka 81.

Kwa jezi ya Poland aliacha mechi 22, goli 21. Na ule msimu wa 1939 haujawahi kupata bingwa mpaka leo, Ruch bado wamekaa pale juu.