Maisha ya Ernst Chladni, Aliyewasadiki Mashahidi wa Vimondo

Ndugu wasomaji wa Kasulu na Kibondo, ninyi mkaao katika milima ya Buha mnaijua mbingu ya kiangazi kuliko watu wa mijini. Tangu mwezi wa Juni hata Septemba mawingu huwa machache, na warina asali waingiapo porini usiku kwa ajili ya mizinga yao hawakosi kuona vimondo vikipita juu ya miti. Vingi ni vidogo. Hupita kama mstari wa nuru na kutoweka kabla mtu hajamwonyesha mwenzake. Walakini mara chache hutokea kimondo kikubwa sana, chenye kung'aa hata vivuli vya miti huonekana chini, nacho huacha moshi nyuma yake, na baada ya dakika moja au mbili husikika mshindo kama ngurumo ya mbali. Aliyekiona huja asubuhi kuwaeleza watu, na mara nyingi huchekwa. Huyu humwambia aliota, na yule humwambia ni dalili ya msiba. Kwa hiyo nimeona vema tusome habari za mtu mmoja wa zamani, ambaye aliposikia habari za namna hii hakucheka wala hakuogopa, bali aliyapima maneno ya mashahidi kama hakimu ayapimavyo. Jina lake ni Ernst Florens Friedrich Chladni.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1756 huko Wittenberg katika Ujerumani, mji ule ule alimofundisha Martin Luther. Baba wa babu yake alikuwa mchungaji aliyeiacha nchi ya Hungaria katika karne ya 17 kwa sababu Waprotestanti waliteswa huko. Babu yake alikuwa mwalimu wa theolojia katika Wittenberg, na baba yake mwalimu wa sheria. Baba huyo alikuwa mkali mno. Alimfungia mtoto nyumbani, asimruhusu kutembea peke yake, hata mtoto akakua akitamani nchi za mbali kwa kuzisoma katika ramani tu. Yeye alipenda elimu ya viumbe na muziki, lakini baba akamlazimisha kusoma sheria, naye akatii. Akaimaliza mwaka 1782 katika Leipzig. Mwaka huo huo baba yake akafa, na Chladni akaiacha kazi ya sheria asiirudie tena. Lakini yale aliyojifunza hayakupotea, kama tutakavyoona.

Kwanza alijulikana kwa elimu ya sauti. Alichukua bamba la shaba au la kioo, akanyunyiza mchanga juu yake, kisha akaupitisha uta wa fidla ukingoni mwa bamba. Bamba likalia, na mchanga ukarukaruka, ukajipanga katika mistari na nyota za namna nyingi, kila sauti na umbo lake. Mchanga hukimbia pale bamba linapotetemeka na kutulia pale lisipotetemeka, na hivyo sauti ikaonekana kwa macho. Kitabu chake cha habari hizi kilitoka mwaka 1787. Hakupata kamwe kazi yenye mshahara katika chuo. Alizunguka Ulaya katika gari lake la farasi, amepakia vyombo vya muziki alivyovibuni mwenyewe, akiwaonyesha watu kwa malipo. Mwaka 1809 hata Napoleon alimwita Paris aone mchanga ule, akampa faranga 6000 ili kitabu chake kingine cha sauti kigeuzwe kwa Kifaransa.

Katika safari hizo alifika Göttingen mwaka 1793, akaonana na mwalimu Georg Christoph Lichtenberg. Huyu alikuwa amekiona kimondo kikubwa kwa macho yake mwenyewe mwaka 1791. Wakazungumza sana, na Chladni akashikwa na neno hilo, akaketi katika maktaba ya chuo muda wa majuma matatu, akikusanya habari zote za vimondo vikubwa na za mawe yaliyosemwa kuwa yameanguka kutoka juu.

Yafaa tufahamu jinsi wenye elimu walivyofikiri wakati ule. Walisema kati ya mwezi na sayari hamna kitu, basi jiwe litatoka wapi? Mkulima akileta jiwe na kusema limeanguka shambani, walimwona mjinga. Mwaka 1768 jiwe lilianguka Lucé katika Ufaransa, na watu waliokuwa kazini mashambani waliliona. Wataalamu wa Paris, ambao mmoja wao alikuwa Lavoisier, mkemia mkuu wa zamani zake, walilichunguza wakaamua ni jiwe la kawaida lililopigwa na radi.

Habari nyingine ndiyo inayonipendeza kuliko zote. Tarehe 26 Mei 1751 chuma kilianguka huko Hraschina, karibu na Zagreb katika Kroatia, vipande viwili, kikubwa kikiwa na uzito wa kilo 39 hivi. Baraza la askofu wa Zagreb halikudharau maneno ya watu. Lilituma mtu kuwahoji mashahidi saba, waliokuwa mahali mbalimbali, nao wakasema kwa kiapo: walikuwa wameona tufe la moto likipasuka, wakasikia mshindo mkubwa, kisha wakaona vitu viwili vikianguka kama minyororo yenye moto. Hati ile ikapelekwa Vienna pamoja na chuma. Karibu miaka 40 baadaye Andreas Stütz, mtunzaji wa hazina ya mawe ya mfalme huko Vienna, akaichapisha, lakini akaongeza ya kwamba katika siku za elimu haifai kusadiki ngano kama hizo. Chuma anacho mezani, kiapo anacho mkononi, na bado hasadiki!

Hapo elimu ya sheria ikamfaa Chladni. Aliona ya kuwa mashahidi hawa waliishi katika nchi mbalimbali na karne mbalimbali, hawakujuana, wala hawakuweza kupatana ili kudanganya. Lakini walisema mambo yale yale: nuru kubwa, mwendo wa kasi, moshi, mshindo, kisha jiwe lenye ganda jeusi. Mashahidi wa jinsi hiyo barazani wangesadikiwa. Tena akahesabu mwendo wa vimondo, akaona ni wa kasi kuliko wa kitu chochote kiangukacho kwa uzito wake kutoka mawinguni. Basi vyatoka mbali, nje ya hewa ya dunia.

Akatazama pia chuma kikubwa cha Siberia, cha uzito wa kilo 700 hivi, ambacho mhunzi mmoja alikiona mlimani mwaka 1749, na mtaalamu Pallas akakiandika habari zake. Wenyeji wa huko walisema kilianguka kutoka mbinguni. Chladni akasema wenyeji wana haki. Mwaka 1794 akatoa kitabu kidogo chenye maneno hayo yote.

Akachekwa. Lichtenberg mwenyewe, rafiki yake, alisema aliposoma mara ya kwanza alijiona kana kwamba amepigwa kichwani na mojawapo la mawe hayo, akatamani kitabu kisingaliandikwa. Lakini mawe hayakungoja ruhusa ya wataalamu. Katika Juni ya mwaka ule ule mengi yakaanguka Siena katika Italia. Desemba 1795 jiwe la kilo 25 likaanguka Wold Cottage katika Uingereza, karibu na kibarua wa shamba. Desemba 1798 mengine yakaanguka karibu na Benares katika Uhindi. Mkemia Mwingereza Edward Howard akayapima, na mwaka 1802 akatangaza ya kuwa mawe ya nchi hizo mbalimbali yana madini ya nikeli ndani ya chuma chake, tofauti na mawe ya kawaida. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe yapata 3000 yakaanguka L'Aigle katika Ufaransa mchana. Serikali ikamtuma kijana Jean-Baptiste Biot, naye akatembea kijiji hata kijiji, akiwauliza wakulima na makasisi. Aliporudi na taarifa yake, mabishano yakawa yamekwisha karibu yote.

Sisi wa Tanzania tunao ushuhuda wetu. Kimondo cha Mbozi, chuma kitupu cha urefu wa meta 3 hivi na uzito wa tani zipatazo 16, wenyeji walikijua zamani sana kabla wageni hawajapata habari zake mwaka 1930, kama vile wenyeji wa Siberia walivyokijua chuma chao. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe laini jeusi lilianguka Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, nalo ni la namna adimu sana duniani. Na tarehe 14 Agosti 1992, mawe yalipoanguka juu ya mji wa Mbale katika Uganda, kijiwe kimoja kilipita katika majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani, asiumie. Wataalamu waliokuja baadaye walifanya kama Biot: waliwauliza watu wa mahali pale ni wapi kila jiwe lilipoanguka.

Basi mrina asali akirudi na habari ya kimondo, katekista aweza kuandika maneno yake siku ile ile: saa, upande kilikotoka na kilikokwenda, na muda uliopita kati ya nuru na mshindo. Amwulize na mwingine aliyekuwa kilima cha pili, kila mmoja peke yake.

Chladni aliandika kitabu kikubwa zaidi cha vimondo mwaka 1819. Hakuoa, wala hakuwa na nyumba kubwa. Alikaa Kemberg, mji mdogo karibu na Wittenberg, akaendelea kusafiri hata uzeeni. Mahali popote alipokwenda alitafuta mawe yaliyoanguka, akinunua au kubadilishana. Alikufa ghafula huko Breslau katika Aprili 1827, akiwa na umri wa miaka 70, safarini. Mawe yake aliyaachia chuo kikuu cha Berlin.