Luteni Smith na Mashua Iliyobebwa Nchi Kavu

Katika Wilaya ya Magu, kando ya Ziwa Viktoria, kuna kijiji kiitwacho Kageye. Huenda umewahi kufika huko, au pengine ndiko kwenu. Zamani misafara kutoka pwani iliishia hapo, na watu wakapanda vyombo vya majini. Soma sasa habari za baharia mmoja aliyefika Kageye mwaka 1877.

Jina lake ni George Shergold Smith. Alikuwa Mwingereza, luteni katika Jeshi la Wanamaji la nchi yake. Alikwenda katika vita vya Ashanti, Afrika Magharibi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ghana. Huko alipata homa kali ikamdhuru macho. Akaacha jeshi, akaanza kusomea kazi ya uchungaji.

Mwaka 1875 msafiri H. M. Stanley alifika Buganda. Kutoka huko aliandika barua iliyochapwa katika gazeti la London. Alisema kwamba Kabaka Mutesa anataka walimu wa dini. Chama cha wamisionari, CMS, kikakusanya watu wa kwenda. Smith akawekwa kuwa kiongozi wao.

Walifika Zanzibar mwaka 1876 wakiwa na mashua iliyoitwa Daisy. Smith na mwenzake Alexander Mackay walijaribu kuingia bara kwa mito ya Wami na Ruvu. Mito hiyo ilikuwa na mizunguko mingi, haikufaa. Basi mashua ikafunguliwa vipande vipande. Wapagazi wakavibeba kwa miguu mpaka Kageye. Ndugu msomaji, wakumbuke wapagazi hao. Luteni alijua bahari, lakini bila mabega yao mashua isingefika ziwani.

Mapema mwaka 1877 walifika Kageye, kwa Mtemi Kaduma. Wakaanza kuiunga mashua upya. Mwezi wa Mei mwenzao mmoja, Daktari John Smith, alifariki hapo. Mwezi wa Juni luteni na Mchungaji C. T. Wilson walitweka tanga. Walipofika kisiwa cha Ukara walishambuliwa kwa mawe na mishale. Jiwe lilimwumiza Smith jicho. Hata hivyo waliendelea, na mwisho wa mwezi huo wakafika Buganda. Mutesa aliwapokea vizuri.

Wilson alibaki Buganda. Smith alirudi kusini kumchukua mwenzao, O'Neill, pamoja na mizigo. Wakati huo Mtemi Lukonge wa Ukerewe aligombana na Songoro, mfanyabiashara wa Kiarabu. Songoro alikimbilia kwa Smith na O'Neill. Lukonge akataka atolewe. Wao walikataa kumtoa mtu aliyewakimbilia. Watu wa Lukonge wakawashambulia, na mwezi wa Desemba 1877 Smith, O'Neill na karibu watu wao wote wakauawa.

Habari hiyo ingeweza kuleta vita vya kisasi. Lakini mwaka 1878 Mackay alifika Kageye, akavuka mpaka Ukerewe kuzungumza na Lukonge. Wakaelewana kwa maneno. Mackay aliitengeneza Daisy, na mwaka huohuo akafika nayo Buganda.

Smith alikaa katika nchi za ziwa kwa muda usiofika mwaka mmoja. Hakuuawa kwa ugomvi wake mwenyewe, bali kwa kusimama kati ya mwenyeji na mtu aliyeomba hifadhi. Mwenyeji ana haki katika nchi yake, na anayekimbilia kwako naye ana uhai wake. Jambo hili halikuwa jepesi siku zile, wala leo si jepesi.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mashua ilifikaje Kageye?
2. Kwa nini Smith na O'Neill walikataa kumtoa Songoro?
3. Mtu mwenye ugomvi na jirani yako akikimbilia nyumbani kwako, utafanya nini?
4. Mackay alifanya nini ili kuzuia kisasi?