Huda Shaarawi: Binti Aliyenyimwa Nahau

Utangulizi

Ubaguzi wa mtoto wa kike hauanzii mahakamani wala bungeni. Huanzia nyumbani, na si lazima nyumba hiyo iwe ya ufukara au ya ukatili. Jambo hili linadhihirika wazi katika maisha ya Huda Shaarawi, mwanamke wa Misri aliyezaliwa mwaka wa 1879 na kufariki mwaka wa 1947. Wengi humtaja kwa sababu ya mtandio alioufunua usoni katika stesheni ya gari la moshi. Makala haya yanarudi nyuma ya tukio hilo ili kuangalia jinsi upendeleo wa mtoto wa kiume ulivyomgharimu, na namna alivyoukabili.

Malezi

Huda alizaliwa Minya, katika Misri ya Juu, akakulia Kairo. Babake, Sultan Pasha, alikuwa mwenye mashamba makubwa na mwanasiasa mashuhuri. Alifariki mwaka wa 1884, Huda akiwa na umri wa miaka mitano. Katika nyumba hiyo waliishi wajane wawili: Iqbal, mamake mzazi, na Hasiba, ambaye Huda alimchukulia kama mama mkubwa. Mwana wa kiume alikuwa mmoja tu, Umar, naye alikuwa mdogo kuliko Huda.

Mapema sana msichana huyu alitambua kwamba nduguye alitangulizwa katika kila jambo. Alipotaka kuwa na farasi mdogo kama wa Umar, mamake alimweleza kwamba kupanda farasi hakumfai msichana, kisha akampa hiari ya kuchagua kati ya farasi na piano. Huda alichagua piano, akijua fika kwamba farasi wa nduguye angempanda vilevile. Hata hivyo, werevu huo haukumwondolea uchungu. Alimwendea mama mkubwa kutaka kujua sababu ya tofauti hiyo, naye akamweleza bila kuficha. Binti ataolewa, aondoke, na jina lake lifuate la mumewe. Mwana wa kiume ndiye atakayebaki na nyumba ya babake na kuliendeleza jina la ukoo.

Yafaa ikumbukwe kwamba maelezo haya hayakutolewa na adui. Yalitolewa na mwanamke aliyempenda mtoto huyo, na aliyekuwa amelelewa ayaamini. Hapo ndipo ilipo nguvu ya taasubi ya kiume: hurithishwa kwa upole, na mara nyingi kwa kinywa cha mama.

Kunyimwa nahau

Huda alikuwa amehifadhi Kurani nzima akiwa na umri wa miaka tisa. Hata hivyo, alitamani kuielewa lugha yenyewe, akamwomba mwalimu wake amfundishe nahau, yaani sarufi ya Kiarabu. Mwalimu alikuja na kitabu. Msimamizi wa nyumba, Said Agha, akamwamuru akirudishe, kwa hoja kwamba binti huyo hatakuwa kadhi hata ahitaji nahau. Huda alihuzunika mno, akafikia hatua ya kuuchukia uanawake wake, kwa kuwa ndio uliomfungia mlango wa elimu.

Faraja aliipata kwa malenga mmoja msafiri, Khadija al-Maghribiyya, aliyekuwa akifikia nyumbani kwao. Mwanamke huyo alikaa na wanaume na kujadili fasihi nao bila kutetereka. Kwa kumtazama, Huda alijifunza kwamba pengo baina ya mwanamke na mwanamume lilikuwa pengo la elimu, si la maumbile.

Ndoa

Akiwa na umri wa takriban miaka 13, Huda aliozwa kwa Ali Shaarawi, binamu na mlezi wake, mtu mzima aliyekuwa tayari na watoto. Mamake alisisitiza sharti kwamba mume asiwe na mwanamke mwingine. Baada ya miezi kumi na mitano hivi ilibainika kwamba sharti limevunjwa, nao wakatengana kwa miaka saba. Katika miaka hiyo Huda alisoma, akapiga piano na kujijenga kimawazo. Walirudiana mwaka wa 1900, na baadaye wakajaliwa binti na mwana.

Harakati

Machi 1919, Misri ilipoinuka dhidi ya Waingereza, Huda alikuwa miongoni mwa viongozi wa maandamano ya wanawake mjini Kairo. Mwaka wa 1920 alichaguliwa kuiongoza kamati kuu ya wanawake wa chama cha Wafd. Lakini katiba ya mwaka wa 1923 ilipofuatwa na sheria ya uchaguzi, haki ya kupiga kura ilibaki kwa wanaume peke yao. Mwana wa kiume alikuwa amerithi nyumba kwa mara nyingine, na sasa nyumba hiyo ilikuwa taifa.

Mwezi wa Machi 1923 Huda aliasisi Umoja wa Wanawake wa Misri. Katika mwaka huohuo, baada ya kutoka katika mkutano wa kimataifa mjini Roma, alifunua uso hadharani, na sheria ikaweka umri wa chini wa ndoa kuwa miaka 16 kwa msichana na 18 kwa mvulana. Mwaka wa 1925 ilifunguliwa shule ya sekondari ya wasichana huko Shubra. Madai ya kudhibiti mitara na talaka hayakufaulu katika uhai wake, na kura kwa wanawake ilipatikana mwaka wa 1956, miaka tisa baada ya kifo chake.

Hitimisho

Jarida la kwanza la umoja huo, lililoanza mwaka wa 1925, lilitolewa kwa Kifaransa. La Kiarabu lilisubiri hadi mwaka wa 1937. Tawasifu yake mwenyewe Huda hakuiandika kwa mkono wake. Aliisimulia kwa Kiarabu, katibu wake akainakili. Kwa sisi tunaoisoma lugha kama taaluma, hasara hiyo yafaa itushtue. Kumnyima msichana sarufi ni kumnyima uwezo wa kujisimulia, kisha jamii humlaumu kwa kukaa kimya. Huda alikuwa na mali, walimu wa Kifaransa na katibu wa kumwandikia. Mabinti wengi waliofungiwa mlango uleule hawakuwa na hata kimoja cha hivyo, na simulizi zao hatutazisoma kamwe.