Profesa Odhiambo na harufu inayovuta wadudu

Vijana wengi huuliza kama yapo marashi yenye kemikali ya kumvuta mpenzi. Kabla ya kuwajibu, tumkumbuke marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo wa Kenya, maana kituo alichokianzisha kimetufundisha mengi kuhusu harufu.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1931. Akasoma Maseno, kisha Makerere, Uganda, na baadaye akapata shahada ya uzamivu Cambridge, Uingereza, kwa utafiti wa wadudu. Akarudi Nairobi kufundisha chuo kikuu. Mwaka 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, akakiongoza hadi 1994. Alitaka Waafrika wenyewe watafute njia ya kupambana na wadudu wanaodhuru watu, mifugo na mazao, bila kutegemea sumu peke yake.

Njia mojawapo ilikuwa harufu. Wadudu wengi huitana kwa kemikali ziitwazo feromoni: jike hutoa, dume hufuata. Mbung'o, anayeeneza malale, hufuata harufu ya mnyama. Huko Nguruman, Kenya, watafiti wa kituo hicho walitengeneza mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, wakauwekea mkojo wa ng'ombe na asetoni, nao ukanasa mbung'o kwa wingi. Odhiambo alifariki mwaka 2003. Kituo chake bado kinafanya kazi.

Kwa binadamu, mpaka leo hakuna feromoni iliyothibitishwa. Kijana, usipoteze fedha zako. Lakini yupo anayevutwa na harufu yetu: mbu wa malaria. Hufuata hewa ya kaboni tunayoitoa tukipumua, pamoja na asidi na amonia zinazotoka kwenye jasho na bakteria wa ngozi. Ndiyo maana humpata mtoto hata gizani. Kuoga ni kuzuri, lakini hakumkingi mtoto na mbu. Marashi nayo si kinga.

Mzazi wa Kitai, na wewe wa Lituhi kando ya Ziwa Nyasa, mlaze mtoto ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku, hata kiangazi. Akipata homa, mpeleke kituo cha afya ndani ya saa 24 akapimwe. Usimpe dawa ya malaria kwa kubahatisha. Mtoto anayeshindwa kunyonya, anayetapika kila kitu, anayepata degedege au aliyelegea, asisubiri kupambazuke.