Abebe Bikila: Njia ya Kijana Mwenye Kipaji Haina Mkato



Hapa Runzewe, kando ya barabara kuu itokayo Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda, swali moja linawasumbua wazazi wengi. Mtoto ameonyesha kipaji cha mchezo, iwe kabumbu au mbio, na watu wameanza kumtaja. Afanyiwe nini? Aachwe aendelee na shule na mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA? Apelekwe Mwanza au Dar es Salaam kwenye kituo cha kulea vipaji? Akabidhiwe kwa mtu aliyefika juzi na ahadi ya timu ya ng'ambo, ambaye kabla ya yote anaomba fedha ya pasipoti? Tena katika ukanda wetu wa dhahabu kuna njia nyingine inayowaita vijana kila asubuhi, nayo ni ya maduara, ambako mwenye miguu yenye nguvu hupata kibarua siku hiyo hiyo.

Hatuna jibu moja linalomfaa kila mtoto. Tumeona vema, hata hivyo, kusimulia maisha ya mtu mmoja ambaye Afrika Mashariki nzima inalijua jina lake, ingawa wengi wetu hatujui aliipitia njia gani. Huyo ni Abebe Bikila wa Ethiopia, mkimbiaji wa marathoni, aliyefariki dunia mwaka 1973. Alikuwa Mkristo wa Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, ndugu zetu katika ubatizo.

Abebe alizaliwa tarehe 7 Agosti 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Shewa. Alikuwa mtoto mdogo majeshi ya Italia yalipoivamia nchi yake mwaka 1935, na familia yake ililazimika kuhama kwa muda. Utoto wake ulikuwa wa kuchunga mifugo kama wa watoto wengi wa Usukuma na Usumbwa. Mchezo wake ulikuwa gena, yaani mpira wa magongo wa Kiethiopia, ambao huchezwa hasa wakati wa Noeli na unaitwa kwa jina la sikukuu hiyo. Mapokeo ya huko husema kwamba wachungaji waliposikia habari ya kuzaliwa kwa Bwana walifurahi, wakaanza kucheza kwa fimbo zao. Uwanja wa gena hauna vipimo kama vya uwanja wetu wa mpira. Magoli yaweza kutengwa na umbali mkubwa mno, hivyo mchezaji hukimbia mbuga nzima akiufuata mpira.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Hakuna aliyemtazama mtoto huyo akicheza na wenzake akasema kwamba amemwona bingwa wa marathoni. Mapafu na miguu yake vilijengwa na kazi ya nyumbani na mchezo wa kijijini, bila mtu yeyote kumpangia ratiba. Siku hizi tuna haraka ya kumfunga mtoto wa miaka 9 katika mchezo mmoja na nafasi moja uwanjani, kana kwamba tumekwisha kujua Mungu amemwekea nini. Mtoto anayecheza michezo mingi, anayetumwa kisimani na anayekimbizana na ndama hapotezi muda, kwa kuwa mwili wake unajengwa.

Alipokuwa kijana, Abebe alikwenda Addis Ababa, akaingia katika Kikosi cha Walinzi wa Kaizari Haile Selassie. Hakuingia huko ili awe mwanamichezo. Aliingia kuwa askari, apate mshahara na kuwatunza watu wake. Ndani ya kazi hiyo ndimo kipaji chake kilimopata malezi, kwa maana kikosi kilikuwa na mazoezi, chakula cha uhakika na nidhamu. Kilikuwa pia na mwalimu wa mbio, Msweden aitwaye Onni Niskanen, ambaye alikuwa amekuja Ethiopia katika miaka ya arobaini kufundisha mazoezi ya viungo.

Niskanen hakuahidi makuu. Alipima na kuandika. Aliwakimbiza vijana wake mbio ndefu katika vilima vya Addis Ababa, mji ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha akawapa mbio fupi za kasi zilizopimwa kwa saa, halafu mapumziko. Kwa muda mrefu jina lililovuma katika mbio za majeshi lilikuwa la Wami Biratu, na Abebe alikuwa nyuma yake. Wakati Ethiopia inapeleka wanamichezo wake katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, huko Melbourne mwaka 1956, Abebe alikuwa na miaka 24 na hakuwamo. Wapo wazazi wanaomwona kijana wa miaka 17 ambaye hajasajiliwa kuwa amechelewa. Wajue kwamba bingwa huyu alisubiri hadi alipofikisha miaka 28.

Tarehe 10 Septemba 1960, mbio za marathoni za Roma zilianza jioni kwa sababu ya joto. Wakimbiaji walipita Njia ya Apio, ile ile ambayo Mtume Paulo aliingilia Roma akiwa mfungwa, na giza lilipotanda askari waliwamulikia kwa mienge. Abebe alikimbia miguu mitupu. Wengi hulisimulia jambo hili kama sifa ya umaskini, lakini sivyo. Viatu alivyovipata vilimbana, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi bila viatu, hivyo yeye na mwalimu wake wakaamua kwa akili kutumia kile ambacho mwili wake ulikijua. Walikuwa wamekwisha kuikagua njia mapema. Inasimuliwa kuwa walichagua mahali pa kuongeza mwendo karibu na mnara wa Aksum, ambao Waitalia waliuchukua Ethiopia mwaka 1937, na ambao ulirudishwa kwao mwaka 2005. Alipofika hapo alimwacha Rhadi ben Abdesselam wa Moroko, akamaliza wa kwanza kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Muda huo ulikuwa bora kuliko wote uliowahi kuandikwa katika mbio hizo. Huyo ndiye Mwafrika mweusi wa kwanza kuipatia nchi yake ya Kiafrika nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Baada ya ushindi ule njia haikunyooka. Mwezi Desemba mwaka huo huo wakuu wa Kikosi cha Walinzi walijaribu kuipindua serikali ya Kaizari, nacho kikosi alichotumikia kikaingia katika msukosuko mkubwa. Mwaka 1963 alikwenda Boston, Marekani, akatarajiwa kushinda, akamaliza wa tano. Kijana aliyefundishwa kupenda makofi peke yake huvunjika moyo siku kama hiyo. Abebe alirudi nyumbani kwa mwalimu yule yule na mazoezi yale yale. Mwaka 1964, wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, alipasuliwa kidole tumbo. Hata hivyo tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa na viatu, akashinda kwa zaidi ya dakika 4, akawa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili. Kaizari alimtunuku gari dogo aina ya Volkswagen.

Huko Mexico mwaka 1968 alianza mbio akiwa ameumia mguu, akalazimika kutoka baada ya kilometa zipatazo 17. Mwenzake Mamo Wolde aliipatia Ethiopia dhahabu. Siku ile ile, katika mbio zile zile, kijana wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka akaumia goti, lakini aliendelea hadi akaingia uwanjani wa mwisho kati ya waliomaliza, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hivyo siku hiyo bingwa mkuu wa dunia alitoka njiani, naye wa mwisho akaheshimiwa na dunia nzima. Tukiwapima watoto wetu kwa nishani tu, hatutaielewa siku ile.

Mwezi Machi 1969 gari lile la zawadi lilipata ajali, na Abebe hakuweza kutembea tena. Alipelekwa Uingereza, katika hospitali ya Stoke Mandeville, akakaa huko miezi mingi. Alikuwa na miaka 36, akiwa na mke na watoto wanne. Hapa ndipo tunapoliona tunda la malezi aliyopata. Mtu ambaye thamani yake yote imewekwa miguuni, akiipoteza miguu hubaki bila kitu. Abebe alijifunza kulenga shabaha kwa upinde akiwa kwenye kiti cha magurudumu, akashiriki michezo ya walemavu mwaka 1970. Mwaka uliofuata alikwenda Norway, akashindana katika mbio za kuteleza juu ya theluji kwa chombo cha kukalia, akashinda. Mtoto aliyeanza kwa mpira wa magongo kwenye mbuga za Shewa alipata ushindi wake wa mwisho kwenye theluji ya Ulaya ya Kaskazini, akiwa ameketi.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Maelfu ya watu walimsindikiza kaburini jijini Addis Ababa, na Kaizari mwenyewe alihudhuria.

Ndugu wazazi na walezi, maisha haya yanatufundisha nini tunapomchagulia kijana njia? Sisi tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, tazameni mtu kabla ya mahali. Kituo chenye jina kubwa si bora kuliko mwalimu wa michezo wa shule ya kata anayemjua mtoto, anayempumzisha akiumia na anayewaeleza wazazi ukweli. Niskanen alimlea Abebe kwa miaka, katika ushindi na katika kushindwa.

Pili, kipaji kikue ndani ya maisha yenye msingi mwingine. Abebe alikuwa na kazi. Mtoto wetu awe na shule, na kituo kisichomwandikisha shule kisipewe mtoto. Maduara nayo yatamlipa leo na kumchosha mwili kabla haujakomaa.

Tatu, anayeomba fedha ili amsafirishe mtoto aulizwe maswali mbele ya mashahidi. Kanuni za FIFA kwa jumla zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Basi anayeahidi kumpeleka ng'ambo mtoto wa miaka 14 peke yake, aidha hajui sheria au anakusudia kuivunja. Msiuze ng'ombe wala shamba kwa ajili ya ahadi hiyo. Leteni jambo hilo katika Jumuiya Ndogo Ndogo, kwa afisa michezo wa wilaya au kwa paroko, lizungumzwe mchana kweupe.

Nne, mwulizeni mtoto mwenyewe, tena zaidi ya mara moja. Kipaji ni amana aliyopewa na Mungu, nasi ni walinzi wake kwa muda. Si haki kumfanya mtoto awe mgodi wa familia.

Kanisa haliuoni mchezo kuwa jambo dogo. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitumia mfano wa wakimbiaji kueleza safari ya imani, na mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati maalumu juu ya michezo na mwanadamu. Ndani ya mafundisho hayo mwanamichezo ni mtu mzima, mwenye mwili na roho, mwenye thamani kabla ya kushinda na baada ya kushindwa.

Basi jioni hii, kijana akirudi uwanjani na vumbi miguuni, tusianze kwa kumwuliza amefunga magoli mangapi. Tumwulize kama amekula, kama goti linauma, kama kazi ya shule imekwisha. Kisha tumwombee. Mengine yatakuja kwa wakati wake, na hata yasipokuja, tutakuwa tumelea mtu.

Mungu awabariki vijana wetu wote wa Runzewe na wale wanaowalea. Amina.